Nani Atakuwa Zamu Usiku?

"Usijali, mrembo. Daktari mtakutana naye asubuhi ya upasuaji."

Sauti ilitoka kwenye simu ya mdogo wangu, iliyoegemezwa kwenye chupa ya chai mezani kwa mama, hapa Kisumu. Mdogo wangu alikuwa amerudi likizo kutoka Doha, anakofanya kazi hotelini. Aliyekuwa akiongea ni wakala, mwanamke mchangamfu wa Nairobi anayewapeleka watu Istanbul kutengeneza pua, meno na nywele. Bei ya pua ya mdogo wangu alikuwa ameshaituma: dola 3,200, ndani yake upasuaji, hoteli, gari la kumpokea uwanja wa ndege na mkalimani. Alitaka dola 500 za kushika nafasi kabla ya Ijumaa.

Niliuliza jina la daktari. Akajibu kwa upole kwamba kliniki ina madaktari wengi, wote wazuri, na atakayekuwa na nafasi siku hiyo ndiye atakayemhudumia.

Mama akatoka jikoni akijipangusa mikono. Aliinama mbele ya simu, akauliza: "Na usiku nani atakuwa zamu?"

Wakala hakulielewa swali.

Mama akalirudia polepole. "Akishapasuliwa, usiku huo analala wapi, na nani yuko zamu?"

"Hotelini, mama. Ni hoteli nzuri sana, iko karibu na bahari."

Ijumaa ilipita bila mdogo wangu kutuma zile dola 500.

Si swali nililolitarajia

Nilikuwa nimejiandaa kwa mazungumzo mengine. Nilidhani mama atasema Mungu hakukosea, au atauliza waumini wenzake watasemaje, au atamkumbusha mdogo wangu kwamba pua hiyo ni ya ukoo. Majibu nilikuwa nayo tayari, kwa sababu mdogo wangu aliniomba nisimame upande wake.

Mama hakugusa lolote kati ya hayo.

Alistaafu unesi miaka kadhaa iliyopita. Sehemu kubwa ya kazi yake aliifanya Russia, jina ambalo watu wa Kisumu hawajaliacha hadi leo kwa Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti miaka ya 1960. Alikuwa wodi ya upasuaji. Nilipomuuliza baadaye kwa nini alianza na swali la usiku badala ya swali la daktari, alinijibu kwamba mchana thieta huwa imejaa watu, lakini damu huanza kutoka usiku.

Sijui kama aliona uzito wa alichokisema. Mimi kilinikaa. Nimekuwa nikisahihisha mitihani nakikumbuka, nikipanda tuktuk kutoka Kondele nakikumbuka. Kila tangazo la pua nililoliona tangu hapo nimelitazama kwa jicho hilo: haya yote ni habari za mchana.

Kwa nini pua

Mdogo wangu ana sababu zake, na nitaziandika kama alivyozieleza. Akiwa darasa la saba alipewa jina la utani ambalo sitaliweka hapa. Lilimfuata hadi sekondari. Doha hakuna anayelijua, lakini anasema bado hulisikia kila anapotazama picha yake.

Hapo ndipo nilipopata shaka yangu ya kwanza. Picha zake nyingi amejipiga mwenyewe, mkono ukiwa umekunjwa. Mwaka 2018 madaktari wa Marekani walichapisha hesabu iliyonisisimua, mimi mwalimu wa Biolojia: picha iliyopigwa kwa umbali wa sentimita 30 hivi huonyesha pua ikiwa pana kwa karibu asilimia 30 kuliko ilivyo, wakati picha ya umbali wa mita moja na nusu haiongezi kitu. Kilicho karibu na lenzi hukuzwa, na hakuna sehemu ya uso iliyo karibu zaidi ya pua.

Nikamwambia mdogo wangu tutoke nje. Nilimsimamisha penye kivuli, nikarudi nyuma hatua kadhaa, nikampiga picha kwa kukuza kidogo. Kisha nikaziweka mbili pembeni, ile yake na ile yangu.

Alizitazama kwa muda mrefu. Akasema: "Naona tofauti, dada. Na bado naitaka."

Nilitamani lile somo la lenzi limalize mambo. Halikumaliza. Na nadhani ni haki yake lisimalize, kwa sababu anayeishi na uso huo ni yeye. Nilimuuliza swali moja tu zaidi, lile ambalo madaktari makini huuliza: pua ikibadilika, unatarajia nini kingine kibadilike? Mtu anayetarajia mchumba, kazi au amani ya moyo kutoka kwenye ncha ya pua huwa hatosheki na upasuaji wowote. Wapo pia ambao kasoro wanayoiona hakuna mwingine anayeiona, na hao wanahitaji daktari wa akili kabla ya kisu. Mdogo wangu alifikiri, akasema anatarajia kuacha kugeuza uso anapopigwa picha. Basi.

Jibu dogo hivyo lilinitia moyo kuliko lingekuwa kubwa.

Pua zilizokosekana

Tukaanza kutafuta daktari wenyewe. Usiku baada ya usiku, yeye akiwa amesharudi Doha na mimi hapa, tulitumiana picha za kabla na baada.

Wahenga walisema ukiona vyaelea vimeundwa. Picha hizi zimeundwa pia: mwanga tofauti, kidevu kimeinuliwa, vipodozi upande wa baada, na nyingi zimepigwa wiki chache tu baada ya plasta kutolewa. Lakini hilo tulilizoea haraka. Kilichotusimamisha kilikuwa kingine.

Karibu pua zote za "kabla" zilikuwa na nundu.

Zilikuwa pua ndefu, zenye mgongo ulioinuka na ncha inayoshuka, na kazi ya daktari ilikuwa kupunguza: kusaga mfupa, kushusha mgongo, kuinua ncha. Ni kazi ya kila siku Istanbul, na wanaifanya vizuri. Pua ya mdogo wangu, kama pua nyingi za kwetu, haina nundu ya kushushwa. Mgongo wake uko chini, mabawa yake ni mapana, ngozi ya ncha ni nene, na gegedu, ile sehemu ngumu kiasi inayopindika ukishika sikio, ni jepesi pale nchani. Ukimpunguzia mtu wa namna hiyo unambomolea. Anachohitaji ni kuongezewa.

Na kuongeza kunauliza: utaongeza kwa kitu gani?

Wapo wanaoweka silikoni. Ni haraka, na mgongo huinuka siku hiyo hiyo. Lakini silikoni ni kitu kigeni mwilini. Inaweza kuingia wadudu, kusogea, au kutokeza kwenye ngozi hata baada ya miaka. Wengine huchukua gegedu la mgonjwa mwenyewe: kutoka kwenye ukuta unaotenganisha matundu ya pua, kutoka nyuma ya sikio, au kutoka ubavuni pale linapohitajika kwa wingi. La ubavuni huacha kovu kifuani, linaweza kupinda baadaye, na mchimbaji asiye makini anaweza kutoboa utando wa pafu. Mwaka 2000 daktari wa Kituruki, Onur Erol, alieleza njia ya kukatakata gegedu vipande vidogo sana, kuvifunga kwa kitambaa maalumu kinachoyeyuka mwilini, na kuviingiza kwenye mgongo wa pua vikiwa bado vinafinyangika kwa kidole. Wengine baadaye wakabadilisha kitambaa hicho kwa utando wa mgonjwa mwenyewe, unaochukuliwa juu ya sikio. Nilifurahi kusoma hilo, kwa sababu lilinionyesha kwamba Istanbul kuna watu waliofikiria sana namna ya kuongeza. Kazi ikawa ni kuwapata.

Halafu kuna ngozi. Leso ukiitandika juu ya kiti utaiona kila kona ya kiti. Blanketi zito litakuonyesha kitu kimoja cha mviringo. Ngozi nene ya ncha ya pua hufanya vivyo hivyo: hata daktari akichonga gegedu kwa ustadi, nje huonekana kidogo tu. Na ngozi hiyo hiyo hushika uvimbe. Kwa wengi pua hutulia baada ya mwaka mmoja. Kwa mwenye ngozi nene inaweza kwenda mwaka na nusu au zaidi. Picha ya wiki ya sita haimwambii mtu kama mdogo wangu lolote.

Tukabadilisha swali tulilokuwa tunawatumia. Tuliacha kuuliza bei. Tukaomba: tuonyeshe wagonjwa Waafrika, wenye ngozi nene, mwaka mmoja au zaidi baada ya upasuaji, kutoka mbele, pembeni na chini.

Wengi walinyamaza. Mmoja alituma picha ya kompyuta ya uso wa mdogo wangu mwenyewe, akiwa na pua nyembamba iliyobinuka kama ya wagonjwa wake wengine wote. Mdogo wangu aliifuta. Aliniambia kwamba kwa mara ya kwanza aliogopa, kwa kuwa yule kwenye picha alikuwa mrembo na hakuwa yeye.

Tangu hapo akaanza kusema anachotaka kibaki, kabla ya kusema anachotaka kibadilike.

Herufi mbele ya jina

Hili nitalipitia haraka, lakini lilituokolea muda.

Uturuki, daktari mwenye "Op. Dr." mbele ya jina amebobea katika fani ya upasuaji. "Doç. Dr." na "Prof. Dr." ni vyeo vya chuo kikuu. Anayejitangaza kwa "medikal estetik" peke yake si mpasuaji. Pua hupasuliwa na fani mbili: wapasuaji wa plastiki, na wa masikio, pua na koo, ambao huko huandikwa KBB. Wote wawili ni halali. Unachouliza ni kama pua ndiyo kazi yake ya kila wiki. Wapasuaji wa plastiki waweza kuwatafuta kwenye orodha ya ISAPS, chama chao cha kimataifa kilichoanzishwa 1970, lakini wa KBB hutawakuta humo, na kutokuwamo kwao si dosari. Hospitali ikijisifu kwa ithibati ya JCI, shirika la kimataifa linalokagua hospitali, fahamu kwamba ithibati hiyo ni ya jengo na taratibu zake. Haisemi chochote kuhusu mkono wa daktari.

Tangu 2017 sheria ya huko inataka hospitali, kliniki na hata mawakala wanaoshughulikia wagonjwa wa kigeni wawe na kibali cha utalii wa afya kutoka Wizara ya Afya ya Uturuki. Tulimwomba yule wakala wa kwanza namba ya kibali chake. Alijibu kwa picha ya hoteli.

Kwa nini isiwe Nairobi

Shaka hii ilinisumbua kuliko zote, na bado haijaniisha yote.

Kutoka Kisumu hadi Nairobi ni chini ya saa moja kwa ndege. Daktari wa Nairobi ana leseni ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya, na sajili ya Baraza ipo mtandaoni. Unaandika jina, unaona kama mtu huyo yumo. Mambo yakienda mrama una mahali pa kulalamika kwa lugha yako. Na bado hata hapa nyumbani jengo zuri si kinga. Mwishoni mwa 2024 mwanamke mmoja alifariki baada ya kufanyiwa upasuaji wa urembo kwenye kliniki jijini Nairobi, na Baraza likaifunga kliniki hiyo. Mdogo wangu alitumiwa habari ile na marafiki wengi, kana kwamba inathibitisha ubora wa ng'ambo. Mimi niliisoma tofauti: alichokikosa aliyekufa hakikuwa ndege ya kwenda mbali.

Tulimwona daktari wa plastiki Nairobi, mtu mpole na mkweli. Alimkagua mdogo wangu ndani ya pua kwa taa, jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifanya hadi siku hiyo, na akagundua kwamba ule ukuta wa katikati umepinda na tundu la kushoto linapitisha hewa kidogo. Alisema wazi kwamba sehemu kubwa ya kazi yake ni watu walioungua, midomo iliyopasuka na majeraha ya ajali za boda, na kwamba pua za urembo anazifanya lakini si kila wiki. Angekubali kuifanya. Lakini alimwambia mdogo wangu aende akawaone pia wanaozifanya kila siku, kisha aamue.

Niliondoka pale namheshimu sana. Nikajikuta pia nawaza kwamba ukweli wake ungestahili kulipwa kwa kumpa kazi hiyo. Mdogo wangu hakukubali. Alisema anamheshimu vilevile, lakini pua ni moja.

Niliuacha uamuzi huo kwake. Ningekuwa mimi, huenda ningebaki Nairobi.

Daktari aliyempunguzia

Hatimaye tulimpata Istanbul daktari wa KBB aliyetuma picha tulizoomba. Hazikuwa nyingi. Pua moja kati ya hizo haikuwa imependeza sana, na aliiacha humo makusudi, akieleza kwamba ngozi iliganda kovu ndani na ncha ikabaki nene kuliko alivyopanga.

Kwenye mazungumzo ya video alimsikiliza mdogo wangu, kisha akaanza kukataa. Mabawa hatayapunguza kwa kiasi alichochorewa na wengine, kwa kuwa kikishakatwa hakirudishwi, na mshono wa pembeni ya bawa ukivutwa sana huacha matundu yenye umbo la ajabu. Huenda asiyaguse kabisa mara ya kwanza, kwani mgongo ukiinuliwa na ncha ikisimamishwa, pua huonekana nyembamba hata bila kukata. Aliuliza kama kuna aliyepata keloidi, kovu linalovimba na kukua, katika familia. Aliuliza kuhusu kupumua, na tulipomtajia alichokiona daktari wa Nairobi, akaomba picha za ndani.

Mdogo wangu alizima simu akiwa amenuna. Alikuwa ameahidiwa pua moja na wengine, na huyu alikuwa anampa nusu yake.

Siku kadhaa hatukuongea habari hiyo. Kisha akanitumia ujumbe wa sauti: "Dada, huyu ndiye pekee aliyeniambia atakachokiacha."

Nilimpelekea msaidizi wa daktari swali la mama, kama lilivyo. Jibu lilikuja kwa maandishi: upasuaji utafanyika hospitali kamili yenye chumba cha wagonjwa mahututi, mgonjwa atalala hapo usiku mmoja, jina la daktari wa dawa ya usingizi ni hili, usiku kuna nesi wa wodi na daktari wa zamu, na nambari ya daktari mpasuaji mwenyewe itakuwa wazi. Bei ilikuwa juu sana kuliko ya wakala.

Mama alisoma, akavua miwani. "Huyu amewahi kulala hospitali," alisema.

AS

Kuna jambo ambalo hakuna kliniki iliyotuuliza, na nadhani kila mtu wa kanda ya ziwa anayefikiria kupasuliwa ng'ambo alisikie.

Huku kwetu selimundu, ugonjwa wa kurithi ambao chembe nyekundu za damu hujikunja kama mundu, ni jambo la nyumbani. Jeni yake mtu akiirithi kutoka kwa mzazi mmoja tu humkinga dhidi ya malaria kali, ndiyo maana imejaa mahali ambapo malaria imeishi muda mrefu. Nafundisha hilo kidato cha nne kila mwaka. Mwenye ugonjwa wenyewe, SS, yuko kwenye hatari ya kweli akipewa dawa ya usingizi: hewa ikipungua kidogo, mwili ukikosa maji au ukipata baridi, chembe za damu hujikunja na kuziba mishipa. Mbebaji, AS, kwa kawaida huvuka salama, lakini daktari wa usingizi anapaswa kujua kabla, amtunze kwa maji, joto na hewa ya kutosha.

Watu wengi wazima hapa hawajui wao ni nini. Mdogo wangu hakujua. Alipima, akawa AS.

Tulituma majibu Istanbul. Daktari wa dawa ya usingizi alijibu mwenyewe, akauliza kama amewahi kupasuliwa au kuongezewa damu, na akaomba kipimo kamili cha damu mwezi mmoja kabla.

Homa ya siku ya kumi

Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Ndege kutoka Istanbul hadi Nairobi ni karibu saa saba, halafu nyingine ya kuja Kisumu, na hapo ndipo sehemu ndefu ya upasuaji inapoanza.

Wiki ya kwanza ni ya plasta, kulala kichwa kikiwa juu, na kutopenga kamasi. Damu inaweza kurudi hata baada ya siku kadhaa, magamba ya ndani yanapobanduka. Damu ikijikusanya kwenye ule ukuta wa katikati, pua huziba pande zote mbili, maumivu hupiga kama mapigo ya moyo, na isipotolewa upesi gegedu hufa na pua hubonyea. Hilo halingojei daktari wa ng'ambo ajibu ujumbe. Linahitaji mtu mwenye taa na sindano siku hiyo hiyo.

Na kuna la kwetu. Mdogo wangu ameishi Doha miaka, mbali na malaria. Akitua Kisumu na homa ikaja siku ya kumi baada ya kutua, ni kidonda kimeingia wadudu au ni malaria? Daktari wa Istanbul akitazama kwenye simu hawezi kujua. Nesi wa zahanati ya karibu atapima malaria, na ikiwepo atatibu malaria, na pengine pua itaendelea kuoza kwa ndani.

Nilipomweleza mama hofu hii, alinitazama kama mwanafunzi aliyechelewa kufika darasani lakini amefika. Kumbe alikuwa ameshaongea na daktari wa masikio, pua na koo hapa mjini, mtu anayemfahamu tangu enzi za wodi. Daktari huyo hakufurahi mwanzoni. Alisema huletewa watu wakiwa wameharibika, bila karatasi, hawajui walifanywa nini, na akiwagusa yeye ndiye hubeba lawama. Alikubali kwa masharti: amwone mdogo wangu kabla ya safari, azungumze na mwenzake wa Istanbul, na mgonjwa arudi na ripoti ya upasuaji kwa Kiingereza, ikisema gegedu lilichukuliwa wapi, limewekwa wapi, nyuzi gani zimetumika na dawa gani amepewa.

Daktari wa Istanbul alikubali siku hiyo hiyo. Aliongeza sharti lake: asipande ndege kabla ya siku ya kumi, na soksi za kubana miguu avae safari nzima.

Kwa hiyo mpango umegeuka. Mdogo wangu alitaka kurudi Doha moja kwa moja, asionekane na mtu hadi uvimbe uishe. Sasa atakuja Kisumu kwanza, alale chumba cha nyuma kwa mama, na majirani watamwona uso ukiwa bado umevimba. Hilo lilimgharimu zaidi ya tofauti ya bei, nilisikia kwenye sauti yake.

Fedha za mara ya pili

Limebaki moja.

Pua hurudiwa. Hata kwa wapasuaji wazuri, sehemu ya wagonjwa huhitaji kuguswa tena, na si kabla ya mwaka kupita. Daktari wetu ameandika kwamba ikihitajika hatadai ada yake mwenyewe. Hospitali, dawa ya usingizi, tiketi na malazi vitakuwa juu ya mgonjwa. Bima haimo, si ya kazini kwake wala SHA, bima ya afya ya serikali ya Kenya, kwa sababu huu ni urembo, ingawa tundu la kushoto nalo litarekebishwa.

Nilimwambia mdogo wangu kwamba nitaandamana naye likizo ya Agosti kama fedha za mara ya pili zitakuwa zimewekwa kando kabla hajalipia mara ya kwanza. Alikasirika. Alisema ninamwombea mabaya. Mama akaingilia kati kwenye simu, akamwambia kwamba wodini hawakungoja mgonjwa atokwe na damu ndipo watafute damu.

Amefungua akaunti nyingine, na kila mwisho wa mwezi hunitumia salio. Hajafika. Kwa kasi anayokwenda atafika Julai, au atakosa kidogo. Akikosa, tumekubaliana sote watatu, pamoja na daktari, kwamba tarehe itasogezwa hadi likizo ya Desemba.